Siku Jiwe la Mlima Ng'oma Lilipolia Mchana

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama, enzi magoti yangu hayajaanza kulalamika kila ninapoinuka, hapakuwa na kitu Shinyanga nzima kilichonitisha isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Fisi nilimfukuza kwa ndala. Nyoka nilimkanyaga mkia akaomba radhi. Darasa la nne nililisoma mara mbili kwa mapenzi yangu mwenyewe. Mwalimu wangu ana maelezo mengine, lakini hapa anayeandika ni mimi. Mlima Ng'oma, lakini, niliupa heshima yake.

Kwetu ni upande wa Samuye, si mbali kwa mwenye baiskeli nzima. Nchi ni tambarare, mashamba ya pamba na ng'ombe, halafu ghafla mawe makubwa ya kijivu yamepandana kama magunia ghalani. Huo ndio Mlima Ng'oma. Kileleni kuna bamba la jiwe, refu kama ng'ombe aliyelala, limekaa juu ya vijiwe vichache bila kugusa chini. Ukingoni mwake kuna vishimo laini kama vya kinu, vilivyochimbwa na mikono ya watu waliokuwepo kabla babu wa babu zetu hawajafika na ng'ombe wao. Ukilipiga bamba lile kwa jiwe jingine ndani ya vishimo hivyo, halilii kama jiwe. Linalia kama chuma, na sauti inateremka mpaka mabondeni.

Kijijini tuliliita ngoma ya marehemu, na kila mtu alijua la kufanya siku likilia. Unaingia ndani. Unafunga mlango. Unafunika moto kwa majivu. Humwiti mtu yeyote kwa jina lake, kwa maana wanaolipiga ni marehemu, na jina watakalolisikia wataondoka nalo. Ajabu ni kwamba hapakuwa na mtu hai aliyewahi kulisikia. Hata Mzee Masanja, jirani yetu na mkuu wa walinzi wa jadi, mwanamume mwenye upinde mrefu na kifua cha kuvimba, hakuwa amelisikia. Ila aliyafundisha mafunzo hayo kama mtu aliyefunga mlango jana.

Mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake mama, jina lake Kabula. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, mzito wa maneno. Macho yake yalikuwa mekundu. Sababu naijua vizuri: kuni zilikwisha huko kwetu, akawa anapikia samadi kavu, na moshi wa samadi hauna huruma na jicho. Lakini miaka ile kizee mwenye macho mekundu hakuhitaji kosa jingine ili adhaniwe mchawi. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Walimsalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, naye akaitikia, halafu walipompita wakanyamaza mpaka awe mbali. Mimi nilidhani wananyamaza kwa adabu. Mtoto ana bahati yake.

Alinipandisha mlimani mara nyingi kukata majani ya ufagio. Chini kabisa, kabla ya hatua ya kwanza, aliniokotesha kijiwe, na tukifika juu nakiweka kwenye rundo la vijiwe vya waliotutangulia. Alinikataza kuuonyesha mlima kwa kidole. Niuonyeshe kwa kidevu, kama ninavyomwonyesha mkubwa. Tulipolifikia bamba la jiwe alilizunguka kwa mbali.

"Hili halipigwi kwa mchezo," alisema. "Likipigwa, lazima liitikiwe."

"Nani anaitikia, bibi?"

"Mwenye masikio."

Nikaelewa anasema mizimu. Ningeelewa nini kingine? Nywele zilinisimama mpaka kofia ikapanda.

Basi bwana, akaja mjomba wangu Luhende, mtoto wa mwisho wa bibi. Alikuwa ametoka machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, na alirudi na ndevu, mtarimbo, tochi ya kufunga kichwani na maneno mapya. Shimo halikuwa shimo tena, lilikuwa duara. Jiwe jeupe lenye mishipa halikuwa jiwe, lilikuwa "dalili". Alikuwa amesikia wazee wakisimulia kwamba zamani za ukoloni Wazungu waliupanda Mlima Ng'oma na mashine, wakatoboa, wakaondoka kimya kimya.

"Mzungu hatoboi mlima ili kuupitishia upepo, mjomba," aliniambia nyuma ya zizi. "Pale kuna mali. Wewe unajua njia, mimi najua mwamba. Twende."

"Na marehemu?"

"Marehemu hawana haja na dhahabu. Wangekuwa nayo haja wasingekufa maskini."

Hoja ile niliiona nzito sana. Hadi leo sijapata jibu lake.

Asubuhi akamwambia bibi tunakwenda mnadani kumtazama ndama. Mtarimbo alikuwa ameshauficha kwenye ua wa minyaa. Bibi akatufungia viazi vitamu vikavu, akanipa kibuyu cha maji, akasema tusinunue ndama mwenye kikohozi.

Tukakatiza ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa mpaka kiangazi kikali, majani yakinifika kifuani. Pale chini nikaokota kijiwe changu. Nikamwonyesha mjomba aokote chake.

"Mimi mlima huu nakuja kuupunguza mawe," akasema, "siji kuuongezea."

Ukipanda Mlima Ng'oma unapanda kwa watu, ukipenda kuwaona. Mimi nilikuwa siwaoni, nilikuwa naona mawe. Kwanza zinakuja kuta, zimepangwa bila udongo, zinafika kiunoni mwa mtu mzima, zimeziba mapengo kati ya miamba. Ukizipita kuta, kuna mwamba wa bapa wenye mabonde ya kusagia mtama, na pembeni safu za vishimo vya bao. Mtu alikaa pale siku nyingi kiasi cha kuchoka, akachonga bao. Juu zaidi kuna pango lenye vigae vya vyungu na masizi darini, na pimbi wanaokutazama kama wenye nyumba. Kisha ndipo unalikuta bomba la chuma lililoota kutu, limezama ndani ya mwamba. Mjomba alilikumbatia bomba lile kama kaka yake.

"Unaona? Unaona, Shija? Hawa walijua!"

Kileleni kuna nguzo fupi ya saruji ya wapimaji wa zamani, rundo la vijiwe, na lile bamba. Nikaweka kijiwe changu. Upepo ulikuwa mwingi. Chini yetu kijiji kizima kilienea kama nafaka iliyoanikwa: nyumba, mazizi, njia nyeupe, na moshi wa majiko ya mchana ukipanda kila nyumba uzi wake. Siku isiyo na vumbi, kutoka pale naliona Ziwa Victoria. Wapo wanaosema ninachokiona ni bati za paa za kiwanda cha kuchambua pamba. Macho ya watu hayalingani.

Mjomba hakutazama ziwa. Chini kidogo ya kilele alikuwa ameona mshipa mweupe ukipita chini ya jiwe kubwa kama kibanda cha kuku. Akachomeka mtarimbo, akaning'inia. Jiwe likanung'unika. Nikamwambia, "Mjomba, linasema." Akaniambia, "Liache liseme." Akaning'inia tena, na safari hii jiwe likakubali, ila halikwenda alikotaka yeye. Liligeuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, likamlalia mguu.

Sitaeleza mlio wake. Nitasema tu kwamba mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko redio alinyamaza. Uso ukawa na rangi ya majivu. Kibuyu changu kilipasuka nilipokirusha nikimkimbilia. Nilisukuma jiwe lile kwa mikono, kwa mgongo, kwa miguu; na mjue kuwa nilikuwa na nguvu za kushangaza kwa umri wangu. Halikutikisika.

"Nenda chini ukaite watu," akanong'ona. Nilipopiga hatua ya kwanza jiwe likashuka tena kidogo, akanishika shati. "Usiende. Mpaka ushuke, upate watu, wapande, litakuwa limeshanimaliza."

Tukatazamana. Kisha wote wawili, bila kuambizana, tukalitazama lile bamba.

Ndugu msomaji, nimeshaingia mashimo ya Rwamgasa kwa kamba ya katani, nimeshakunywa pombe Masumbwe na watu wasio na jina. Sijapata kuwa na hofu kama niliyokuwa nayo katika hatua zile chache kutoka kwa mjomba hadi kwenye bamba. Niliamini kabisa kwamba nikilipiga watakuja, na kwamba watakaokuja hawatakuwa na nyayo. Lakini mjomba alikuwa wangu, na wao hawakuwa wangu. Nikaokota jiwe la kutosha kiganja. Nikaliweka kwenye kishimo kwanza, kujaribu, likakaa sawasawa kama limezaliwa pale. Nikainua, nikapiga.

Lililia. Mama yangu, lililia! Mlio ulipita kwenye meno yangu ukashuka mlima. Nikapiga tena, na tena, machozi yakinitoka, nikiita mizimu ije lakini ije na wanaume wenye nguvu.

Halafu nikatazama chini.

Watu walikuwa wakikimbia. Nikafurahi, nikapunga mkono. Kumbe walikuwa wanakimbilia ndani. Wanawake walinyanyua watoto mashambani. Mchungaji aliacha ng'ombe wake katikati ya njia. Milango ilifungwa, na ule moshi wa mchana, nyuzi zile zote, ukaanza kukatika, nyumba hii, nyumba ile, mpaka kijiji kikawa kama mahame. Niliona kwa macho yangu kijiji kizima kikitufunikia majivu.

"Wanakuja?" mjomba akauliza.

Nikapiga tena tu.

Ndipo nikaona kitu chekundu kimetoka upande wa nyumba yetu. Kitenge. Kidogo kama punje. Kilipita katikati ya njia ambamo hapakuwa na mtu, kikaja moja kwa moja kuelekea mlimani, peke yake. Hakikukimbia. Kilikuja kwa mwendo wa mtu aliyeitwa na anayejua njia.

Alipofika kwenye zile kuta za chini alisimama, akageukia kijiji, akapiga mwano. Wasiotoka kwetu niwaambie: mwano ni yowe la kuomba msaada, na kwa Msukuma yowe hilo halina mjadala. Ukilisikia unaacha chakula mdomoni. Asiyetoka hutozwa faini, na baada ya faini hutengwa. Hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Ngoma ya marehemu ulikuwa na ruhusa ya kuifungia mlango. Mwano wa kizee aliye hai hukuwa nayo. Nikaona mlango mmoja unafunguka. Ukatulia. Wa pili. Kisha wanaume wakaanza kutoka na pinde na fimbo, wamejikunja kama watu wanaonyeshewa mvua.

Bibi alitufikia kwanza. Alinikuta na jiwe mkononi, akamkuta mwanawe chini ya mwamba. Alisimama akashika kiuno, akihema.

"Kumbe ni ninyi," alisema.

"Bibi, hukujua ni sisi?"

"Ningejuaje? Ninyi mko mnadani."

Akapiga magoti, akamfuta mjomba uso kwa upindo wa kitenge, akaniagiza nilete vijiwe vya kutegea ili jiwe lisishuke zaidi. Aliniambia nivichukue kwenye lile rundo la watu waliotutangulia. Nikasita. "Chukua, ng'wanawane, chukua mwanangu," alisema. "Viliwekwa vije vifae." Nikavichomeka kimoja kimoja. Jiwe likatulia.

Wanaume walipofika hawakusogea. Walisimama pembeni mwa kilele, upepo ukivuma kwenye kamba za pinde zao, wakimtazama bibi, si mjomba. Mzee Masanja alikuwa mbele, na nywele zake zilikuwa na nyuzi za buibui. Baadaye alieleza kwamba alikuwa chini ya kitanda akitafuta mishale.

"Mayu Kabula," alisema taratibu. "Ngoma ya marehemu imelia. Watu wote wamefunga milango. Wewe umeiitikia. Hebu tuambie, mtu wa namna hiyo tumwiteje?"

Hapo nilielewa kwa mara ya kwanza ule ukimya wa njiani. Wale walikuwa watu tuliokula nao, na wote walikuwa na silaha mkononi, na bibi yangu alikuwa amepiga magoti. Mjomba akajaribu kuinuka, akashindwa.

Bibi hakunyanyuka. Alimtazama Masanja kwa macho yale yale mekundu.

"Niite mtu wa kwanza kufika kwenye mwano," alisema. "Halafu tuulizane anayefika wa mwisho anaitwaje, na mbuzi wake wa faini yuko zizi gani."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia, akashindwa.

"Usicheke," bibi akamwambia, "na wewe unaye mbuzi." Kisha akaendelea kumfuta mjomba, akisema kama anayesimulia jikoni. "Bibi yangu alijificha hapa hapa akiwa msichana, wavamizi walipokuja kuchukua ng'ombe. Kuta zile chini ni za baba yake. Mtama alisaga pale kwenye bapa. Jiwe hili lilipolia, waliobaki nyumbani, wanawake na watoto, waliagizwa: ingieni, fungeni, funikeni moto wasione moshi, msiitane majina wasijue ni nani yuko. Hayo mmeyashika vizuri sana. Na wanaume waliagizwa: pandeni. Hilo ndilo mmelisahau. Masanja, wewe umeshika fungu la wanawake na watoto, na umelishika kweli kweli."

Hata mjomba, na mguu ule, alitabasamu. Masanja alitazama upinde wake kama aliyeuokota njiani. Kisha akauweka chini. "Shikeni mtarimbo," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Mnasubiri nini? Mtu anaumia."

Waliliinua jiwe kwa mtarimbo, kwa miti na kwa nyimbo za kulimia. Mjomba walimteremsha kwenye machela ya miti na makoti, wakipokezana, na Masanja alikataa kupokewa mpaka chini. Mguu uliungwa na mganga wa mifupa, ukaungika upande. Mjomba alirudi Rwamgasa akichechemea, na huko, naambiwa, alisimulia kwamba mguu ule uliliwa na mzimu wa Kijerumani. Hizi tabia zangu sikuziokota barabarani.

Na bibi? Watu hawakuacha kuogopa kwa siku moja. Mimi si mtoto wa kuwadanganya hivyo. Ila tangu siku ile walipompita njiani hawakunyamaza. Masanja alimletea mbuzi, bibi akamrudishia, akamwambia amlete siku ya mavuno wale nyama pamoja. Alikufa mzee kabisa, kitandani kwake, na kwetu, kwa kizee mwenye macho kama yake, miaka ile, hilo lilikuwa jambo kubwa. Nilichelewa kuujua ukubwa wake. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa changu, mtoto shujaa aliyepiga ngoma ya marehemu. Nilikuwa tayari na ndevu nyeupe kidevuni nilipojiuliza bibi aliwaza nini aliposimama mlangoni, jiwe linalia, majirani wote wanamwona akitoka. Mizimu hakuiogopa, alijua haimo. Alichokuwa na haki ya kuogopa kilikuwa nyuma ya milango ile. Na hakujua kama anayeita ni wake.

Siku hizi Mlima Ng'oma una mnara wa simu, na kuna vijana wa mjini wanaokuja mwisho wa wiki na viatu vya kupandia, fimbo za bati na chupa za maji, kutazama mandhari. Wakinikuta nawapeleka. Nawaonyesha kuta, bao, bomba, nguzo. Nawaonyesha na Ziwa Victoria, wenye macho mazuri wanaliona. Kila mmoja namwokotesha kijiwe chini. Na lile bamba nawakataza kulichezea, lakini wengine hupanda bila mimi.

Basi hulia. Nikiwa uani nakula, au nimelala mchana, linalia, na kabla kichwa hakijaamua lolote miguu imeshaingia kwenye ndala. Mke wangu amechoka kunizuia. Nimekwisha kuupanda bure si mara moja, na tumbo langu hili, na magoti haya, nafika nahema kama ng'ombe wa plau, nawakuta wazima, wanapigana picha juu ya jiwe. Majuzi binti mmoja alinihurumia, akanipa maji.

"Shikamoo, baba. Umekuja kututazama?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Hapana. Nimeitikia tu."